Tupeane uzoefu: muhula wa mwisho seminarini au chuo cha theolojia, kabla ya kituo cha kwanza

Shemasi Kijana

Tumsifu Yesu Kristo. Na Bwana Yesu asifiwe kwa ndugu zetu wa upande wa pili.

Niko mwaka wa nne wa teolojia. Ushemasi nilipewa Januari, na Mungu akipenda upadre ni Julai, maana Kanuni ya 1031 ya Sheria za Kanisa inadai angalau miezi sita kati ya daraja hili na lile, na askofu wetu hana haraka na mtu. Madarasa yamepungua. Kilichobaki ni mtihani mkuu wa mdomo, mtihani wa kuungamisha, misa za mazoezi, mafungo, na kungoja. Hakuna anayejua atapangwa wapi, ila jioni baada ya masifu utasikia kila mmoja ana parokia yake moja ambayo anaomba isiwe hiyo.

Naomba waliopita njia hii watusimulie. Muhula ule mliuishije? Mlipofika kituoni mlikuta nini ambacho hakikuwa kwenye madaftari? Mahubiri hapana tafadhali, hapa tunayo ya kutosha. Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, hata walioishia njiani, karibuni. Majina ya walezi na maparoko tusiyataje.

Padri wa Umatengo

Milele amina, shemasi. Hongera kwa hatua.

Mimi nitasema juu ya mtihani wa kuungamisha, maana ndio ulioninyima usingizi. Kwa wasiojua: padri hapati ruhusa ya kuungamisha kwa sababu tu amepadrishwa. Kanuni ya 970 inataka kwanza aonekane anafaa, kwa mtihani au kwa njia nyingine. Kwetu walikaa walimu wawili, wa maadili na wa sheria za Kanisa. Mmoja anajifanya muungamaji, mwingine anasikiliza na kuandika. Sisi wiki nzima tulikuwa tukitungiana visa vya ajabu bwenini: mtu aliyeapa uongo barazani akachukua shamba la mjane, sasa mjane amekufa, watoto wako Dar na hawajui hata shamba lilikuwa wapi, je, amrudishie nani? Tulibishana hadi taa zikazimwa.

Nikaingia. Mwalimu akapiga magoti, akasema ana miaka mingi hajaungama, kisha akanyamaza. Kimya kabisa. Visa vyote nilivyokariri havikuwa na mtu aliyenyamaza. Nikamwuliza kama angependa nimsaidie kuanza, akatikisa kichwa. Nikabaki nimekaa. Kengele ya kipindi ikalia, tukawa bado tumekaa. Baadaye akaniambia nimefaulu kwa sababu sikujaza kile kimya na hotuba. Mwenzangu aliyeingia baada yangu alipewa kisa kilekile, akamhubiria mwalimu kuhusu mwana mpotevu tangu mwanzo hadi mwisho. Akaambiwa arudi wiki inayofuata.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa milimani huko Mbinga, wakati wa kuchuma kahawa. Mimi si Mmatengo. Wazee wengi, hasa akina bibi, Kiswahili wanakisikia lakini mambo ya moyoni wanayasema kwa lugha yao. Sheria inajua hilo: Kanuni ya 990 inaruhusu mkalimani, na 983 inamfunga mkalimani huyo kwa siri kama inavyomfunga padri. Lakini mwambie bibi wa miaka themanini kwamba mjukuu wa jirani atakaa katikati yenu atafsiri! Sasa paroko wangu, mzee mmoja mwenye akili za vitendo, akanishauri nijifunze kwanza majina ya dhambi, salamu zitakuja zenyewe. Nikaandika kwenye daftari dogo. Wivu, uchawi, kumnyima mkwe chakula, kuhamisha mpaka wa shamba. Kilichoungamwa sitakisema milele, nazungumzia msamiati tu.

Mlei Machachari

Baba, yaani wiki ya kwanza unajua kusema "uchawi" na "kuhamisha mpaka" lakini ukisalimiwa sokoni hujui kujibu?

Padri wa Umatengo

Nilikuwa natabasamu tu. Wakanisifu kwamba padri mpya ni mpole sana.

Mchungaji Mama Wawili

Ameni. Mimi ni wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mama wa watoto wawili, mchungaji.

Muhula wangu wa mwisho nilikuwa na tasnifu mkono mmoja na mtoto anayeota meno mkono wa pili. Mume wangu ni mwalimu wa serikali. Wenzangu walikuwa wanaombea wapangwe usharika wenye nyumba nzuri. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu: nipangwe mahali ambapo afisa elimu atakubali uhamisho wa mume. Kwa hiyo ndugu mashemasi wa Kikatoliki, nawahurumia kwa mengi, ila kwenye hili la kupangiwa kituo mnabeba begi na kuondoka. Sisi tunahama na shule ya mtoto, ajira ya mwenzako, na mama mkwe anayeuliza kwa nini askofu hakuulizwa vizuri.

Kuhusu mazoezi. Tulibatiza mdoli. Tulifungisha ndoa ya wanafunzi wawili ambao kwa kweli hawakuwa wanaelewana, ikawa kichekesho cha chuo. Mazishi tuliyafanyia mazoezi nyuma ya bweni, tumelaza gogo la mgrevilea, tumelifunika shuka. Siku hiyo watu walikuwa wanacheka, "marehemu ana magome", utani wa wanafunzi. Zamu ya kuongoza ikamwangukia mwenzetu aliyekuwa ametoka kumzika baba yake mwezi uleule. Mwalimu akataka kumpisha, akakataa. Akasoma ibada yote mbele ya lile gogo, sauti haikutetereka hata mara moja, akachota udongo, akaurusha. Hakuna aliyecheka tena muhula huo. Mpaka leo nikisimama kaburini nasoma kwa mwendo aliousoma yeye, pole, nikiacha nafasi baada ya "udongo kwa udongo".

Sasa kituoni. Siku ya kupokelewa tulishuka garini, wazee wa usharika wakamfuata mume wangu. "Karibu sana mchungaji!" Wakampokea mkoba, wakampa kiti cha mbele chenye kitambaa. Mimi nikapewa benchi pamoja na akina mama wa kwaya, na mtoto mgongoni. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisimama, akakibeba kile kiti hadi nilipo, akarudi akakaa kwenye benchi langu. Kwa hiyo mjadala uliisha kabla haujaanza, ingawa mzee mmoja aliendelea kumwita mchungaji mpaka Krismasi.

Na mnada! Chuo hakikunifundisha mnada. Ibada inaisha, mnatoka nje, sadaka za mazao zimepangwa: mikungu ya ndizi, kuku amefungwa miguu, maziwa kwenye kidumu, mahindi, mayai. Mchungaji anatakiwa awe na mdomo mwepesi. Yai moja linaweza kuuzwa mara nyingi kuliko unavyodhani: anayelinunua analirudisha liuzwe tena, wa pili naye anamnunulia mgeni, mgeni anaona aibu analirudisha. Paa la jengo letu la Sunday School lina mabati yaliyotokana na mayai. Nilisoma Kigiriki cha Agano Jipya, lakini kilichonipa heshima pale ni siku niliyouza kuku kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe alicheka.

Shemasi Kijana

Mchungaji, asante. Hiyo ya gogo nimewasomea wenzangu mezani, watu wameacha kula.

Swali kwa wote: mlijuaje mmepangwa wapi? Kwa barua au hadharani?

Padri wa Umatengo

Kwetu hadharani, mwisho wa misa ya upadrisho. Umeshalala kifudifudi wakati wa litania ya watakatifu, umewekewa mikono, umevaa kasula, lile vazi la misa, umepakwa krisma viganjani, unadhani yameisha. Askofu anatoa karatasi mfukoni. Anasoma jina lako na parokia. Waumini wa parokia hiyo wakiwepo wanapiga vigelegele. Wasipokuwepo unajua ni mbali.

Mchungaji Mama Wawili

Barua. Niliifungua jikoni.

Kasisi wa Pwani

Hamjambo nyote. Mimi natoka Kenya, Kanisa Anglikana, na nilisomea chuo cha theolojia cha Limuru.

Mtu wa Mombasa kupelekwa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, si mchezo. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya majani chai, wewe umevaa masweta mawili na bado meno yanagongana katikati ya zaburi. Lakini nilikuwa na neno langu la kuwachokoza wenzangu wa bara: chuo hiki ni chetu, mlikichukua tu. Maana kilianza Freretown, pale karibu na Mombasa, mwaka 1903, kwenye makazi ya watu waliookolewa utumwani, kikahamia Limuru mwaka 1930. Kengele ya Freretown ingali imesimama kule barabarani, matatu zinapita kando yake kila siku na abiria wengi hawajui ni ya nini. Nilipokuwa nikihesabu siku za kumaliza, hiyo historia ilinisaidia zaidi ya blanketi.

Muhula wangu wa mwisho haukuwa na utakatifu mwingi, nitasema ukweli. Ulikuwa na deni. Waliokuwa wameahidi kunisaidia karo walitoa nusu, nusu nyingine ikawa "tunaomba juu yake". Bila kumaliza karo hakuna kufuzu, na bila kufuzu nitamwambia nini askofu? Nilikuwa nakaa darasani tunajadili majaliwa ya Mungu na simu iko mfukoni, nasubiri ujumbe wa pesa. Hatimaye walionikwamua ni akina mama wa Mothers' Union wa kanisa tulilokuwa tukipelekwa mazoezini Jumapili. Wala si kanisa langu! Walichanga kimya kimya, wakaniletea kwenye bahasha ya kaki pamoja na mkate.

Nilimaliza mwaka 2021. Mwezi Septemba mwaka huohuo, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno kule Butere, askofu wa kwanza mwanamke wa jimbo katika kanisa letu Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari. Sisi vijana tulishangilia sana. Kushangilia ni rahisi ukiwa mwanafunzi.

Kituo cha kwanza nikawekwa shemasi ndani ndani huko Kilifi, chini ya vika, yaani kasisi msimamizi wa parokia, mwenye makanisa mengi kuliko siku za Jumapili mwezini. Mazishi ya kwanza kuyaongoza peke yangu, mwakilishi wadi akafika na msafara, vijana wake tayari wamemsogelea fundi wa mitambo. Marehemu ni binamu wa mtu wake wa kampeni. Familia inataka mheshimiwa aongee kwa sababu ndiye aliyelipa jeneza. Vika yuko safarini, simu haishiki. Ikabidi nizungumze na mjomba mkubwa wa familia pembeni, chini ya mwembe: ibada yote ni yangu mpaka mwisho, mheshimiwa atasalimia nyumbani baada ya maziko, watu wakishakaa kula. Mheshimiwa akakubali kwa upole uliokuwa na hasira ndani yake. Alisalimia kwa muda mrefu kuliko ibada yangu, lakini alisalimia kwenye matanga, si kaburini.

Na jambo moja kwa Waanglikana wenzangu mlio chuoni. Mkiwa mashemasi hamwezi kuadhimisha Meza ya Bwana, hilo mnalijua. Msichokijua ni uso wa mzee aliyetembea kutoka kijiji cha tatu akiamini kasisi mpya amekuja na leo kuna meza. Inabidi umwambie bado. Anakuangalia kola, anakuangalia wewe. Mwaka ule mmoja wa ushemasi ulikuwa mrefu kuliko miaka yote ya Limuru.

Mama Padri (si mke, ni mzazi!)

Wanangu, nami niseme kidogo. Mnaongea habari za mitihani yenu, na sisi huku nyumbani tuna mitihani. Kamati ya maandalizi ilikaa kwangu kuanzia Kwaresima. Kadi za michango, turubai, wapishi, sare za ukoo, nani anunue kalisi, kile kikombe cha misa, nani kasula. Shangazi wawili waligombania kalisi hadi ikabidi mmoja apewe patena na misale. Kijana wangu alipopiga simu kutoka seminari kuniomba tupunguze sherehe nilimwambia asome, haya hayamhusu.

Siku ya misa ya shukrani, wageni wakiwa bado wanakula, nilimtafuta nikamkuta chumbani kwangu, kanzu nyeupe imeloa jasho, amelala juu ya magunia ya vitenge vya zawadi. Nikamfungia mlango. Aliyetaka baraka ya kwanza alisubiri.

Ombi langu kwa mashemasi: mwambieni mama mapema kama mtapenda kupumzika, tutapanga ratiba. Msiogope kamati. Kamati ni watu.

Aliyerudi Nyumbani

Shemasi umesema hata walioishia njiani. Nimeandika na kufuta mara kadhaa, sasa natuma.

Kwetu ushemasi ulikuwa unatolewa baada ya kumaliza mwaka wa nne. Kabla yake kila mmoja anaandika kwa mkono wake barua kwa askofu. Ni Kanuni ya 1036: unatamka kwamba unapokea daraja kwa hiari na uhuru, kwamba utajitoa kwa huduma ya Kanisa maisha yako yote, na unaomba upokelewe. Karatasi moja tu. Wenzangu waliiandika baada ya chakula cha mchana wakaenda mpirani. Mimi nilibaki nayo.

Siyo kwamba kulikuwa na msichana, maana ndilo swali la kwanza kila mtu analoniuliza. Hakukuwa na kashfa wala ugomvi na mlezi. Masomo nilikuwa vizuri. Kila nilipoandika "naomba" sentensi ilielekea kwa mama aliyesali rozari tangu nikiwa kidato cha kwanza, kwa parokia iliyonilipia, kwa paroko aliyenipokea utumishi wa altare. Nilimpelekea baba wa kiroho rasimu. Akaisoma, akainyoosha mezani kwa kiganja, akaniuliza: "Hapa wewe uko wapi?" Hakusema kingine. Akaenda kusali masifu ya jioni.

Nilikaa nayo mafungo yote. Siku ya mwisho nilikwenda kwa gambera, mkuu wa seminari, nikamwambia sitaiandika. Nilitegemea aninasihi au anikaripie. Aliniuliza kama nina nauli. Kisha akaniomba nimalizie mitihani ili nipate cheti changu, na aliliweka wazi mbele ya walezi wengine kwamba nimekuja mwenyewe, sikufukuzwa. Hilo lilikuja kunisaidia sana kijijini, kwa sababu kwetu frateri, yaani mseminari, akirudi watu huwa wameshatunga sababu kabla hajateremsha begi.

Baba alikuwa ameshatenga ng'ombe wa sherehe. Hakuniambia neno. Alimpeleka mnadani, akamuuza, na hakuongea nami mpaka tulipoanza kuvuna mpunga, ndipo akaniuliza kama nakumbuka kushika mundu. Mama ndiye aliyezoea haraka, nilidhani ingekuwa kinyume chake.

Sasa nafundisha sekondari, nina mke, naimba sauti ya nne kwaya ya parokia. Wanaonijua tangu zamani bado wananiita frateri, na nimeacha kuwasahihisha.

Shemasi Kijana

Kaka, asante kwa kuituma. Barua yangu ya ushemasi niliiandika baada ya chakula cha mchana, nikaenda mpirani. Ya upadre nitaikalia.

Naomba nikuulize, na kama halijibiki acha tu: ungekuwa umepewa ushemasi tayari ungefanyaje?

Aliyerudi Nyumbani

Hapo mambo ni mengine. Ukishakuwa shemasi umefungwa na useja na sala ya Kanisa, na kufunguliwa kwake kunakwenda hadi Roma. Ndiyo maana nilikaza kabla. Lakini wewe usinichukue mimi kuwa kipimo chako. Darasani kwetu nilikuwa peke yangu, wengine wote wapo altareni na wanafurahi, wawili nawasikia hapahapa jukwaani wakitaniana.

Padri wa Umatengo

Mmoja wao anakusalimu. Krismasi uje na shemeji, kahawa ipo.

Mlei Machachari

Jamani nimekuja kucheka, sasa niko na leso.

Paroko Usu wa Nyanda

Nimechelewa, nilikuwa vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia. Yangu ni ya vitendo tu, shemasi, kwa muda uliobakiza.

Jifunze pikipiki sasa, tena kwenye matope, si kwenye lami ya seminari. Jifunze kuziba pancha na kubadilisha plagi. Nenda ofisi ya parokia ya jirani umwombe katibu akuonyeshe vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu, uandike hata mistari michache, maana cheti cha ubatizo kinadaiwa na watu wa ndoa, na jina lililokosewa herufi linamsumbua mtu hadi uzeeni. Jua kusoma hesabu za sadaka mbele ya kamati tendaji bila kukasirika. Chukua chombo cha mafuta ya wagonjwa kinachofunga vizuri, changu cha kwanza kilimwagika mfukoni na kanzu haikutakata tena.

Halafu pikipiki ya parokia ikiwa na kibandiko cha mtakatifu kwenye tangi, usikibandue hata kama kimechakaa. Mtangulizi wangu alikibandua, na wazee wa kigango wakaitisha kikao.

Shemasi Kijana

Pikipiki ipo ya fundi wa seminari. Amekubali Jumamosi alasiri, kwa sharti nimfulie oveloli.